Trekta la Umeme na Mshokishoki wa Dole

Jumamosi, 18 Januari 2025

Mardhiya kaenda kwao Dole. Kasema anakwenda kusaidia harusi ya mdogo wake, Badria, ambayo ni Jumapili ya wiki ijayo. Lakini mtu anayekwenda kusaidia harusi hachukui viatu vyake vyote. Wala hachukui sufuria la pilau. Leo nimekula mkate kwa chai, mchana na usiku.

Sababu naijua. Ni zile kanga. Betri sita za trekta nilikuwa nazichaji kwenye ngazi, nje ya chumba chetu, kwa sababu nyumba hii ya Malindi, Unguja mjini, haina pahala pengine penye hewa. Betri zikachuruzika asidi. Kapu la kanga za Mardhiya lilikuwa ngazi ya chini yake. Sasa kila doti ina vitundu. Nikamwambia kanga ukiikunja mara mbili vitundu havionekani. Nilikuwa nampoza roho. Hakupoa.

Trekta lenyewe, mashallah! Ni trekta dogo la bustani, mtu mmoja anakaa juu, na visu vya kukatia majani viko tumboni. Halinywi petroli, halitoi moshi. Linakwenda kwa betri tupu. Limetengenezwa Amerika mwaka sabini na tatu. Mzungu mmoja aliyefunga nyumba yake ya wageni Nungwi kanipa trekta, nami nikampa Vespa yangu. Alikubali kabla sijamaliza kusema.

Kasoro yake ni moja. Betri zimezeeka. Ukizichaji usiku kucha, trekta linakwenda kwa muda wa mtu kunywa kikombe cha kahawa, kisha linaguna na kusimama.

Jioni nimempigia simu Mzee Ismail, baba mkwe wangu. Nikamwamkia, nikamuuliza hali ya mke wangu. Kasema hajambo. Kisha kasema kwamba tangu aniozeshe mtoto wake kila akiniona nina mpango, lakini hajapata kuniona nina kazi. Na kwamba chumba cha Mardhiya kwao kipo, hakijapangishwa.

Nikamwambia kazi nnayo. Nina trekta la kukatia majani. Uwanja wake wa nyuma, utakaosimamishwa maturubali ya harusi, nitaukata mimi. Kasema uwanja huo keshamwambia Sabri, mtoto wa ndugu yake, aukate. Nikamsihi. Nikamsihi tena. Mwisho kasema haya, uwe umekatika Ijumaa kabla ya magharibi. Ukikatika, atazungumza na Mardhiya yeye mwenyewe. Usipokatika, nisimpigie tena simu.

Simu nikaiweka chini. Nyumba kimya. Namtaka mke wangu.

Jumapili, 19 Januari

Nimepata ufumbuzi! Tena wa bure.

Asubuhi nimemshukia Wakil, jirani yangu wa chini, fundi wa simu. Wakil kazitazama betri, kasema zitupwe. Kila mtu anajua kusema zitupwe. Nikamuuliza swali moja tu. Simu ikiwa kwenye chaja, mtu hazungumzi nayo? Kasema anazungumza. Basi trekta lina nini? Kwa nini tulisubiri lishibe ndipo litembee? Si litembee huku linakula?

Wakil kafikiri kwa muda mrefu, kasema haoni kwa nini isiwezekane. Kaniazima chaja kubwa iliyokuwa ya boti, nikaifunga nyuma ya kiti kwa mpira wa baiskeli. Waya nikauchomeka kwenye soketi ya chumbani kwangu, nikaupitisha dirishani, ukateremka mpaka uchochoroni.

Likaenda. Wallahi likaenda! Likaipita baraza ya wauza kahawa, likalipita duka la halua, halikuguna. Watu walisimama kando, migongo ukutani, maana uchochoro wetu ukipita trekta haupiti kitu kingine. Nikampungia mkono kila mtu. Kisha waya ukafika mwisho wake, na mimi sikujua, kwa sababu nilikuwa napunga mkono.

Soketi imeng'oka pamoja na chokaa ya ukuta. Chumba hakina umeme. Lakini trekta halikusimama mpaka soketi ilipong'oka, na hilo ndilo la kuandika.

Jumatatu, 20 Januari

Nimefika Dole. Trekta limepakiwa kwenye pikapu ya mizigo ya ndizi, na bado linanukia ndizi.

Mapokezi ya kawaida. Bi Mwanapili, mama mkwe, nimempa shikamoo, akaupa ukuta marahaba. Mardhiya kapita na ungo wa mchele, kanisalimia vizuri kama anavyosalimiwa mgeni, akaingia jikoni. Kanenepa kidogo. Au mimi ndiye niliyekonda.

Sabri alikuwepo. Bila shaka! Sabri ni mtoto wa ami yake Mardhiya, na kabla yangu aliwahi kuja kumposa. Ana mashine ya kukatia majani ya petroli, ile ya kubeba begani. Inanguruma, inanuka, inamrushia majani mpaka masikioni, na ati watu wanamwita kutoka Mwera mpaka Bububu. Kalizunguka trekta langu taratibu. Kaniuliza linakula nini. Nikamwambia umeme. Kaniuliza nikifika katikati ya uwanja umeme nitaupata wapi. Nikamwambia hayo hayamhusu.

Uwanja nimeutazama. Mvua za vuli zimeupa majani ya magotini. Katikati upo mshokishoki mmoja mkubwa, umebeba mashokishoki mabichi, yale matunda yenye manyoya, mpaka matawi yameinama. Pembeni amefungwa ng'ombe wa Mzee Ismail. Soketi ipo barazani. Nina ekstensheni tatu nilizoziunganisha, zinafika kila pembe.

Jumanne, 21 Januari

Nimekata ekstensheni.

Nilianza vizuri sana. Mstari wa kwanza ulinyooka. Nilipogeuka kurudi nikausahau waya, na waya ulikuwa majanini. Visu vikaupitia. Cheche, mlio mmoja, kisha nyumba nzima giza la mchana. Jikoni walikuwa wanasaga nazi kwa mashine, na mashine ikazimika na nazi ndani. Nikasikia sauti ya Mardhiya. Hakusema kitu kibaya. Alisema "Darwesh" tu, basi, tena taratibu.

Sabri alikuwa kwenye uzio. Hakucheka. Angecheka ningejua la kufanya.

Waya nimeuunga kwa mkanda wa gundi. Mzee Ismail kapita na tasbihi yake, kautazama mstari wangu mmoja uliokatika, kaniuliza kama leo ni Jumanne. Nikamwambia ndiyo.

Alhamisi, 23 Januari

Jana sikuandika kwa sababu jana sikufanya kitu, nililala chini ya trekta nikifikiri. Tatizo ni waya. Mtu mmoja hawezi kuendesha na wakati huo huo kuutazama waya. Usiku mzima nimewaza, sikuona njia.

Leo asubuhi nimemwona ng'ombe.

Ng'ombe kafungwa kamba kwenye kigingi. Anakula huku anazunguka. Kila akizunguka kamba inajiviringa kigingini, inafupika, naye anaingia ndani kidogo. Mwisho amefika kwenye kigingi na nyuma yake pote pamekatwa duara safi, haukubaki ukoka. Nimesimama namtazama mpaka akaona haya.

Basi nitalifunga trekta langu kamba kwenye mshokishoki. Waya utapita juu, kutoka barazani mpaka kwenye tawi, halafu utateremka na kufuatana na kamba mpaka kwenye chaja. Kanyagio nitalifunga. Trekta litazunguka lenyewe, kamba itafupika, majani yatakatika kutoka nje kuja ndani, na betri zitakuwa zinakula muda wote. Dereva hatakiwi. Waya haulali chini. Mimi nitakaa kivulini. Mwenye mashine ya begani atakaa kwao.

Na safari hii nimefuata taratibu zote, mtu asije kusema nimevamia. Kwetu Unguja ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe, na matunda yakikodiwa yana mwenyewe wa tatu. Hayo nayajua, babu zangu walikuwa na mashamba. Nimeuliza, nikaambiwa mashokishoki ya mwaka huu kayakodi Sabri, atayachuma yeye akauze sokoni. Mungu ana mambo yake. Nikameza mate, nikamwendea, nikamwomba ruhusa ya kufunga kamba.

Sabri kasema matunda tu ndiyo yake, yasidondoshwe. Mti nimuulize mwenyewe. Nikamwambia nimeshamuuliza. Nilikuwa nimemuuliza Mzee Ismail kuhusu uwanja, akasema kata. Mshokishoki uko uwanjani. Sasa nitauliza mara ngapi?

Alasiri Mardhiya kaniletea chai barazani. Yeye mwenyewe! Ina tangawizi nyingi, ninavyoipenda. Kasimama, kautazama mti, kasema ana neno anataka kunambia kuhusu ule mshokishoki. Nikamwambia asijisumbue, asinambie kitu, kesho atajionea kwa macho yake. Kajaribu tena. Nikamwambia hizi ni hesabu za trekta, aniachie mimi. Katazama chini, kachukua kikombe kabla sijamaliza chai.

Nadhani kaguswa.

Ijumaa, 24 Januari

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Asubuhi tulipandisha waya. Ngazi kaniazima Sabri, kwa heshima yake. Kamba nikaifunga kwenye shina, waya nikaufunganisha na kamba, kanyagio nikalibana kwa kipande cha kamba ya usumba. Nikawasha. Trekta likaanza kuzunguka, peke yake, kiti kitupu, usukani unajishika wenyewe kwa kuvutwa na kamba. Nyuma yake majani yakawa yanalala. Watu wote walitoka nje. Mzee Ismail kasema mashallah. Nimemsikia kwa masikio yangu. Sabri kaiteremsha mashine yake begani, kaiweka chini. Mardhiya alikuwa mlangoni, kashika mwimo. Katika maisha yangu sijapata kufurahi vile.

Adhana ya Ijumaa ikalia. Mzee Ismail kaniuliza kama silizimi kwanza. Nikamwambia halina haja. Betri zile nazijua mie, zitakufa kabla khatibu hajakaa kitako, na tukirudi tutalikuta limesinzia nusu ya njia. Kaniuliza nina hakika. Nikamwambia nina hakika. Wanaume wote tukaenda msikitini.

Hotuba sikuisikia. Nilikuwa nawaza trekta la pili. Nilimwombea dua Mardhiya, hilo lazima niliandike, nilimwombea mwanzo kabla ya trekta.

Tuliporudi moshi tuliuona kutoka barabarani. Trekta lisilotoa moshi lilikuwa linatoa moshi.

Uwanja ulikuwa umekatika. Duara kubwa, safi, hakuna kilichobaki ila pembe. Na katikati, trekta limeukumbatia mshokishoki. Kamba yote imejiviringa kwenye shina. Mchi wa kutwangia umechomekwa kwenye gurudumu la nyuma. Mashokishoki mabichi yamejaa chini. Wanawake wamesimama, na Mardhiya yuko mbele yao, kanga kajifunga kiunoni, anahema.

Bi Mwanapili ndiye aliyeeleza, na hakuutazama ukuta, alinitazama mimi. Betri hazikufa. Chaja ilizilisha mfululizo, na kwa mara ya kwanza tangu nizipate zikafanya kazi nilivyotaka. Trekta likazunguka mpaka kamba ikaisha, likafika kwenye shina, na likaendelea kuzunguka. Chuma cha mbele kikawa kinauchuna mti ganda. Mardhiya kakimbia barazani, kachomoa waya. Halikusimama, limeshiba. Kataka kulirukia, mama yake kamshika, kwa sababu visu bado vilikuwa vinazunguka. Ndipo kaingia jikoni akatoka na mchi.

Ganda limechunika karibu shina zima. Limebaki upande mmoja, upana wa kiganja. Mti unachuruzika maji.

Nikamwendea Sabri kwanza. Nikamwomba radhi kwa mashokishoki yake. Kasema ya matunda atanisamehe, matunda huja mwaka mwingine, lakini mti si wake. Nikamgeukia Mzee Ismail, nikashika mkono wake, nikamwambia baba nimekosa, nimeuharibu mti wako. Kautoa mkono wake taratibu. Kasema uwanja ni wake. Mti si wake. Hawezi kusamehe kitu cha mtu.

Nikauliza basi ni wa nani. Wote wakamtazama Mardhiya.

"Mti wangu, Darwesh," kasema. "Bibi alinipa siku niliyozaliwa. Kitovu changu kimezikwa hapo."

Nikasema hakunambia. Kasema alinambia mwaka tuliooana, na siku tuliyomzika bibi yake, na jana barazani na kikombe mkononi. Kisha kaniuliza, kwa sauti ya chini, yale mashokishoki yanayojaa kapu nyumbani kwetu kila mwaka, nayakula mpaka nalalamika tumbo, nilidhani yanatoka wapi.

Nikasema Darajani, sokoni.

Sabri alikuwa na nafasi ya kucheka na hakucheka. Mzee Ismail kaingia ndani. Nimeona aibu, sikujua nisimame wapi, nikaenda kusimama kwa ng'ombe.

Jumamosi, 25 Januari

Bi Mwanapili kaufunga mti dawa. Udongo wa mfinyanzi umekandwa na mavi ya ng'ombe, ukapakwa kote palipochunika, juu yake ukafungwa vitambaa. Vitambaa ni zile kanga zenye vitundu. Kumbe Mardhiya alikuja nazo zote. Nimekanda udongo mimi, kwa mikono, na hakuna aliyenambia ahsante, na sikustahiki.

Bi Mwanapili kasema mti unakula kwa kupitia ganda. Kipande kilichobaki kikitosha kuulisha, utapona. Kisipotosha, utakauka kuanzia juu. Mpaka Ramadhani itakuwa imejulikana.

Mzee Ismail alitimiza ahadi yake. Uwanja ulikatika kabla ya magharibi, hakuna anayeweza kulikana hilo, na Sabri kamalizia pembe. Alimwita Mardhiya wakazungumza. Kisha Mardhiya kanijia barazani, kakaa mbali kidogo.

"Mti ukiishi ntarudi," kasema. "Ukifa, usije kunichukua."

Nikataka kusema mengi. Nikasema sawa.

Jumapili, 26 Januari

Harusi imefana. Badria kaolewa, vigelegele vimesikika mpaka barabarani. Maturubali yalisimama vizuri, uwanja unapendeza, na watu wa mbali walikuwa wanauliza nani kakata. Wanajibiwa Sabri.

Kazi niliyopewa mimi ni kukaa karibu na mti, watu wasiuegemee. Nilikaa kutwa. Kila mgeni kaniuliza mbona mti umevikwa kanga. Niliwaambia unaumwa. Bibi mmoja wa Makunduchi kausomea Fatiha.

Mchana Mardhiya kaniletea sahani ya pilau pale chini. Ilikuwa na nyama. Nyama kubwa, si mfupa. Nimeitazama sana kabla ya kuila.

Jumatano, 12 Februari

Kila siku nakuja Dole kutoka mjini. Namwagilia asubuhi, namwagilia jioni. Mkono umeota sugu ya ndoo.

Mashokishoki yote yamedondoka. Leo majani ya juu nayo yameanza kujikunja na kuanguka. Nimeyaokota nikayaficha mfukoni, Mardhiya asiyaone. Kayaona. Kasema yupo dirishani tangu asubuhi.

Nimeogopa. Naandika kweli, nimeogopa kuliko siku yoyote. Nyumba ya Malindi haina mtu. Nikipanda ngazi nasikia viatu vyangu peke yake. Nimemwambia mti maneno fulani ambayo sitayaandika hapa, ng'ombe aliyasikia, inatosha.

Jioni Mardhiya katoka, kakaa karibu nami, karibu kuliko juzi. Kanihadithia bibi yake alivyokuwa akiulinda mti ule na kunguru kwa kupiga debe, na alivyokuwa akimpa yeye shokishoki la kwanza la kila msimu, kabla ya mtu yeyote, kwa sababu ni lake. Nimemsikiliza mpaka mwisho. Isipokuwa pale katikati nilipolitazama gurudumu la trekta likanipa wazo, lakini niliendelea kutikisa kichwa.

Ijumaa, 28 Februari

Umechipua!

Macho matatu, mekundu mekundu, kwenye tawi la juu la upande uliobaki na ganda. Bi Mwanapili kapanda ngazi mwenyewe kuyatazama, kashuka, kasema utaishi. Mzee Ismail kanipa mkono. Mimi nililia, na sikuona haya. Sabri kaniletea taulo la shingoni lake, linanuka petroli, nikajifutia hivyo hivyo.

Mardhiya karudi nyumbani! Kesho au keshokutwa tunafunga, na tutafungua pamoja. Karudi na viatu vyote, na sufuria la pilau, na cherehani mpya ya umeme kapewa na mama yake, na mafurushi ya vitambaa vya watu. Kapokea nguo za sikukuu za mitaa miwili, Ramadhani nzima atakuwa anashona, hata nafasi ya kuugua hana. Trekta nalo limerudi, kwenye pikapu ile ile.

Kwenye ngazi kanisimamisha, kabla hatujaingia. "Mipango yako sikukatazi," kasema. "Nnataka uniulize kwanza, basi." Nikamshika mikono, nikamwapia. Tulisimama pale muda. Ni siku njema kuliko zote mwaka huu.

Na makosa yangu nimeyaelewa. Nimeyafikiria kwa mwezi mzima nikiwa na ndoo mkononi. Makosa ni waya. Kama si waya kusingekuwa na kamba, na kama si kamba kusingekuwa na mti. Trekta linatakiwa lijichaji lenyewe. Gurudumu la nyuma likizunguka lizungushe mota ndogo, mota itoe umeme, umeme urudi kwenye betri, betri zizungushe gurudumu. Hakuna waya, hakuna soketi, linakwenda mpaka wewe uchoke. Wakil kafikiri kwa muda mrefu, kasema haoni kwa nini isiwezekane.

Safari hii sikufanya haraka, nimeuliza kila mtu. Wakil karidhia. Jirani wa mbele karidhia trekta likae uchochoroni. Mzee Ismail nimempigia simu, kasema lolote lisilogusa shamba lake hana neno nalo. Hata Sabri nimemuuliza, nisije kuambiwa sikuuliza.

Mota nimeshaipata, sikwenda mbali. Ya cherehani inaenea kama imepimwa, na imefunguka kwa skrubu nne tu. Mardhiya yuko Darajani, ananunua nyuzi. Nitamwambia akirudi, likishawaka.